Dozi Ndefu na Upinde wa Shafii

Ninayaandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa kwamba kifua kikuu chako ni kile sugu, kile kinachodharau dawa za kawaida. Sitakueleza habari za vijidudu. Wapo wanaozieleza vizuri kuliko mimi, na wana picha. Nitakueleza habari za kukaa peke yako, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyeniandaa nayo, na nitakueleza habari za upinde, maana ndio uliokaa na mimi wakati watu walikuwa hawakai.

Jina langu ni Veronika, wengi huniita Vero. Nilikuwa mapokezi kwenye loji moja nje kidogo ya mji wa Karatu. Wageni walirudi jioni kutoka kreta ya Ngorongoro wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope, nami niliwapa taulo la moto na glasi ya juisi na kusema karibu, karibu sana. Kikohozi kilinianza Agosti, na Agosti kule kwetu hakuna asiyekohoa. Lile vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Kwa hiyo nilikohoa nikanywa tangawizi, nikakohoa nikanywa muarobaini, nikakohoa nikaambiwa na kila mtu dawa yake. Siku bangili zilipoanza kunitoka zenyewe nikiosha vyombo, ndipo nilipokwenda hospitali.

Wagonjwa wa kifua hatukai ndani na wengine. Benchi letu lilikuwa nje, chini ya bati lisilo na kuta, ili upepo upite. Watu wakitupita walikuwa wanabana pumzi, wanadhani hatuwaoni. Sisi wenyewe tulikaa tukitazama mlango mmoja, kila mtu na barakoa yake, na kila nesi akitokeza tulinyoosha shingo wote kwa pamoja. Siku niliyosubiri majibu kulikuwa na baridi, na baba mmoja wa Kimaasai aliyekuwa ametoka mbali, upande wa Loliondo, alifungua shuka lake na kunifunika nusu ya mgongo bila kuniuliza chochote. Nilipoitwa alilivuta shuka lake akajifunika tena. Nimesahau nesi alitumia maneno gani kunipa majibu, lakini lile shuka nalikumbuka mpaka harufu yake.

Nilipelekwa hospitali kubwa ya mkoa wa jirani wakati mvua za vuli zinaanza. Binti yangu Restituta alikuwa darasa la tatu. Mama yangu, ninayeishi naye tangu baba yake Resti alipokwenda zake, alimpeleka kwa dada yangu Agnes kule Mbulu. Alisema ni mpaka nipone. Nilikubali haraka, maana nilidhani kupona ni jambo ambalo mtu analiona likifika.

Ya hospitali nitasema machache. Vidonge vilikuwa vingi kuliko chai yenyewe. Dawa mojawapo ilinibadilisha rangi, nikawa na weusi mwingine, wa kama udongo uliolowa, na siku ya kwanza nilipojiona kwenye kioo nilisema samahani, nikapisha. Nyingine ilinila hisia za miguu. Nilikuwa nakanyaga sakafu na sakafu hainijibu. Ukifika hapo usijifanye shujaa, waambie manesi, wana la kufanya. Jioni Resti alinipigia kwa simu ya jirani yake Agnes na swali lake lilikuwa lile lile: "Mama, umeshapona?" Nami nilimjibu bado kidogo. Hiyo kidogo ilikula Krismasi, ikala na Januari.

Nilirudi nyumbani masika yakinyesha. Nesi alikuja na mimi hadi mlangoni, akamwambia Mama kwa sauti ya kusikika kwamba siambukizi tena, kwamba nilichobakiza ni kumalizia dozi, na kwamba naweza kula na kulala na watu wangu. Mama aliitikia sawa, sawa, sawa mwanangu, asante. Gari lilipoondoka alinionyesha ghala la mahindi mwisho wa shamba. Lilikuwa limefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jipya, kuna mafiga matatu na sufuria yangu, ndoo yangu, kikombe changu. Alikuwa amevipanga kwa upendo kabisa, ndiyo maana sikuweza hata kukasirika vizuri.

Basi tukaanza kuishi hivyo. Asubuhi aliweka chakula juu ya gogo katikati ya shamba, akarudi nyuma, akanisubiri nichukue. Tulisalimiana kwa kupaza sauti kama watu walio ng'ambo mbili za korongo. Nikimwambia nesi alisema nini, anasema ndiyo, alisema. Nikiuliza Resti anarudi lini, anasema ukiwa safi. Nilikuwa safi. Kila siku nilikunywa vidonge nikiwa safi, nikalala peke yangu nikiwa safi, nikasikia mvua ikipiga bati la ghala, na upweke ule sikuwa nimewahi kuujua. Hospitalini tulikuwa wagonjwa wengi. Hapa nilikuwa mgonjwa mmoja katika ulimwengu wa wazima.

Shafii alikuja mwezi wa sita, baridi na ukungu vikiwa vimekaa Karatu. Huyu ni mtoto wa mwenye duka la nguo pale mjini, mtu wa maneno mengi na manukato mengi, tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Pale loji yeye ndiye aliyewachezesha wageni upinde kwenye kiwanja cha nyuma. Alifundishwa na mzungu mmoja aliyekaa kwetu karibu msimu mzima, na tangu hapo hajakubali kuitwa mhudumu. Ukimwita mwalimu anakurekebisha: kocha.

Alisimama upande ambao upepo unatokea. Nililiona hilo, naye aliona nimeliona.

"Saita, dada Vero," alisema, akiiga salamu yetu Wairaqw kwa lafudhi yake ya mjini.

"Sogea tu, Shafii. Siumi."

"Najua, najua. Ni mazoea tu haya, nisamehe bure." Akasogea hatua kadhaa, akafungua gunia. "Loji wameleta pinde mpya. Huu umechubuka kidogo hapa, wageni hawautaki. Nikasema aisee, dada Vero anakaa tu kule, atanenepa."

"Ninenepe na nini?"

"Ndo maana nimekuletea."

Haukuwa upinde kama ule wa Wahadzabe ambao nimeuona tangu utotoni, fimbo moja ndefu na kano. Huu ulikuwa na mshikio wa mbao katikati na mbawa mbili, na ncha za mbawa zilikuwa zimegeuka kwenda mbele. Shafii alisema huko kugeuka ndiko kunakoupa nguvu bila kukuchosha sana. Ulikuwa upinde mwepesi, wa kufundishia wanawake na watoto wa wageni. Nilijaribu kuuvuta, nikaufikisha kifuani, nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Akasubiri. Hakusema pole, na ndiyo maana mpaka leo ni rafiki yangu.

"Kitu kimoja," aliniambia kabla hajaanza. "Usitoke nao nje ya shamba hili. Ule pale ni msitu wa hifadhi. Askari akikukuta na upinde, hatakuuliza umefikia kidonge cha ngapi."

Tulijaza kiroba maganda ya mahindi na matambara, tukakiegemeza kwenye tuta. Akaniweka karibu nacho mpaka nikaona aibu. Kisha akaniambia mambo ambayo kwa mtu aliyezoea kazi ya mapokezi, kazi ya kuhakikisha kila kitu mara mbili, yalikuwa kama matusi. Upinde huu hauna kitu cha kulengea. Hufungi jicho. Hupimi. Huangalii mshale kabisa. Unachagua doa dogo kwenye kiroba, dogo kadiri unavyoweza, unalitazama hilo tu kwa macho yote mawili, mkono wa kushoto unaelekea unapotazama, wa kulia unavuta mpaka kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo, na hapo unaachia.

"Bila kulenga?"

"Tumbili akiwa kwenye mahindi yenu, unaokota jiwe. Unafunga jicho? Unapiga hesabu?"

"Sipigi hesabu."

"Na unampata?"

"Mara nyingine."

"Basi. Mwili unajua. Wewe upishe tu."

Sikumwambia, lakini hapo ndipo penye ugumu wangu wote. Mwili wangu ulikuwa umeniangusha. Ulikohoa damu bila kuniuliza, ukabadilika rangi, ukazima miguu. Ulikuwa mtu ambaye sikutaka hata kumpa mgongo, na huyu kijana wa manukato ananiambia nimwachie mshale.

Barakoa ilinisumbua kwanza. Nilikuwa naivaa bado, hata peke yangu, kwa woga na kwa mazoea. Kidole kikifika pembe ya mdomo kilikuta kitambaa, uzi wa upinde ukanasa, mshale ukaenda kwenye mihogo. Shafii akasema uko nje, hakuna mtu, vua. Nilipoivua upepo wa baridi ulinipiga midomoni na nikataka kulia, jambo la kijinga, upepo tu.

Alikuja kila alipopata mapumziko, lakini msimu wa wageni ulikuwa umechanganya na mapumziko yalikuwa haba. Siku nyingi nilikuwa peke yangu. Ratiba yangu ilikuwa hivi: vidonge, uji, kichefuchefu, kulala, na mchana kichefuchefu kikipoa natoka na upinde. Nilivua viatu ili niione miguu yangu, maana kuisikia sikuisikia vizuri. Nilivuta, nikaachia, nikaenda kuokota, nikarudi. Wanaocheza wawili hupokezana kuokota. Nilikuwa na mishale minne, na kila nilipokwenda kuichomoa kwenye kiroba niliijua hesabu ya watu waliopo hapo: ni mimi.

Uzi ulinichapa mkono wa ndani mpaka ukavimba, nikaufunga kipande cha soksi. Bega liliuma kwa namna ambayo ilinifurahisha, kwa sababu yalikuwa maumivu niliyojitafutia mwenyewe. Nilipokuwa nimechoka mishale ilikwenda ovyo, na nilijifunza kuacha kabla ya kuchoka. Nakushauri na wewe hivyo, uwe na upinde au jembe au cherehani.

Kosa langu lilikuwa moja, na lilinichukua baridi nzima kuliacha. Nilipoachia, nilichungulia. Nilitaka kuona mshale unakwenda wapi, na kichwa kikiinuka mkono nao unashuka, na mshale unakwenda chini. Ndivyo nilivyokuwa naishi na ugonjwa pia: kila asubuhi nilijipima uzito, nilijitazama makohozi, nilijihesabia pumzi. Siku moja mwezi wa nane, vumbi likiwa limerudi, nilitazama ganda moja lililotokeza kwenye tundu la kiroba. Nilikuwa namfikiria Resti, kwamba huenda amebadilisha meno. Mkono ulivuta, ukaachia, nikabaki nimeutazama mshale ukiwa tayari umesimama pale penye ganda. Sikukumbuka kuufyatua. Nilipiga kelele ya furaha, nikageuka kumwonyesha mtu, na nyuma yangu kulikuwa na kuku wawili.

Wiki hiyo hiyo mshale mmoja ulipita juu ya kiroba ukaangukia kwenye mbaazi za Mama. Alikuwa anachuma. Nilisimama nikamwona akiutazama, akakata jani la mgomba, akaufunga mshale ndani ya jani, akaja nao kwa mkono ulionyooka na kuuweka juu ya gogo.

"Mama, mbona umeushika kwa jani?"

"Una umande."

"Umande mchana huu?"

Alijifuta mikono kwenye kanga. "Ukivuta unauweka huo mkono mdomoni. Nakuona."

Neno hilo lilinishtua. Nilidhani hakuna anayeniona. Kumbe miezi yote ile alikuwa ananitazama kupitia kwenye mbaazi.

Nikamuuliza kile ambacho kilikuwa kinanizunguka kichwani tangu masika. "Mama, hii ni metimani?"

Kwa asiyejua: sisi Wairaqw tulikuwa na desturi hiyo. Nyumba ikipatwa na jambo zito, kifo cha namna fulani au ugonjwa wa kuogofya, watu wake walitengwa na wengine kwa muda. Hawaombi moto kwa jirani. Hawachoti maji na watu. Haingii mtu kwao wala wao hawaingii kwa mtu. Mama ni mtu wa kanisa, kiongozi wa jumuiya, na ukimuuliza atakuambia hayo yalizikwa na bibi yake.

"Mimi ni Mkristo," alisema.

"Sijakuuliza dini."

Alikaa kwenye tuta, palepale alipokuwa. Nikakaa na mimi, upande wangu. "Sikupanga, Vero," alisema. "Nilianza na sahani tu. Halafu moto. Halafu nikaona Resti asirudi kwanza. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Nilikuwa naiona inafanya."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nilikuwa nimekesha baridi nzima nikifundisha mikono yangu kufanya mambo yenyewe. Yake ilifundishwa na mama yake, na mama wa mama yake, kabla haijajua rozari.

"Na inaisha lini?"

"Mtu akitamka."

"Nani?"

"Zamani wazee walikaa wakatamka imeanza, na siku ikifika wakatamka imekwisha." Akang'oa jani la mbaazi akalichana vipande. "Hii hakuna aliyetamka ianze. Sasa nani ataimaliza?"

Hakuwa ananitania. Alikuwa anauliza kweli. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anasubiri, anasubiri mtu ambaye hayupo, na kwamba tukiendelea hivi Resti ataolewa kutoka Mbulu.

Vidonge vya mwisho nilivinywa kliniki mwishoni mwa Septemba. Nesi alipiga makofi, wagonjwa wa kwenye benchi wakapiga pia, barakoa zikicheka machoni. Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Niliingia ghalani, nikatazama moto wangu pale kwenye mafiga, nikaumwagia maji. Kisha nikatoka nikapita shambani, nikalipita gogo, nikaenda moja kwa moja hadi mlango wa jiko la Mama. Ukiniuliza nilikuwa nimeamua saa ngapi, sijui. Nilikuwa nautazama ule mlango tu.

"Hodi," nilisema. "Nimekuja kuomba moto."

Mama alikuwa anakoroga makande. Mwiko ulisimama. "Huna kiberiti?"

"Ninacho mfukoni."

Tulitazamana. Moshi ulikuwa unatuingia machoni wote wawili na hakuna aliyepangusa.

"Nesi amesemaje?"

"Amesema nimepona. Alisema tangu masika, Mama. Nimechoka kukuambia nesi amesema. Sema wewe."

Alirudia kukoroga makande mpaka nikaanza kuisikia ile njia ya kurudi ghalani miguuni mwangu. Kisha akainama, akachomoa kijinga kimoja motoni, akakigonga majivu. Hakukiweka chini. Alikileta mpaka mlangoni, akanishikisha, vidole vyake vikiwa juu ya vyangu, na akavishikilia pale.

"Shika vizuri usiungue," alisema. Halafu akasema kwa Kiiraqw kwamba imekwisha. Aliyasema kwa sauti ya wazee, ya kutangaza, ingawa tuliokuwapo ni sisi na sufuria. Nilipoanza kulia alinikaripia kwamba nitauzima moto.

Jioni alimpigia Agnes.

Bado nina upinde. Kifua hakijarudi chote, na kwenye baridi nahema nikipanda mlima wa kwenda kanisani. Miguu inarudi kidogo kidogo. Pale loji wamenirudisha mapokezi, na Shafii ameanza kuwatambulisha wageni kwangu kama mwanafunzi wake wa kwanza, jambo ambalo naliacha lipite. Wewe uliye katikati ya dozi, nakuambia kwa ukweli kwamba utakaa mbali na watu hata dawa zikishafanya kazi, na daktari hana kidonge cha hilo. Usisubiri liishe lenyewe. Nenda mlangoni ukaombe kitu, chochote, hata kama unacho.

Resti aliletwa shule zilipofunga. Mama alikwenda kumpokea barabarani. Nilisimama mbele ya nyumba nikawaona wakija kwenye njia ya shamba, Mama na begi kichwani, mtoto amekuwa mrefu, ana sare iliyompwaya mabegani na kumbana magotini. Alipofika mwanzo wa matuta alisimama. Alikuwa amefundishwa vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliitazama miguu yake, akanitazama mimi, akakadiria. "Nisogee mpaka wapi?"

Mwaka mzima kila mtu alikuwa ameniambia pa kusimama, na sasa mtoto wangu alikuwa ananiuliza mimi.

Mama alishusha begi nyuma yake.

"Mpaka umwangushe," alisema.

Na kweli aliniangusha, palepale kwenye vumbi, mbele ya kuku.